Jaketi okozi lenye mkanda wa miguuni: uzoefu wangu Ziwa Nyasa

Nililinunua Mbeya mjini kwa sh. 85,000, na muuzaji akanishangaa: mtu wa Uyole na jaketi okozi wapi na wapi? Huku ni makoti tu. Lakini Matema si mbali, na tukishuka Kyela lazima tupande boti twende Ikombe kuwaona akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu.

Yalikuwepo ya bei nafuu. Nililipendea hili mkanda wake unaopita katikati ya miguu na kufungwa mbele kwa kibanio. Majaketi ya boti za kukodi tulizopanda hayakuwa nao. Ukizama nalo la namna hiyo, lenyewe linapanda juu, wewe unabaki chini, mpaka kidevu kimezama ndani ya kola. Langu nililijaribu ufukweni, maji ya kifuani: nikakunja magoti, nikajiachia. Likatulia palepale mabegani, mdomo juu ya maji, bila kupapatika. Mdogo wangu alivaa la boti, akatoka anakohoa huku anacheka.

Ndani kuna lebo ya uzito wa mvaaji. Isome. Mtoto usimvalishe la mtu mzima eti atalikulia, atachomokea chini.

Kasoro zipo. Kola inakwaruza shingo, na kwa jua la Kyela la saa saba mchana ni kama umevaa godoro. Filimbi iliyokuja nalo ni ya ovyo, ikilowa inatoa pumzi tu. Nimeing'oa, nikafunga nyingine isiyo na kigololi ndani.

Likilowa nalianika kivulini, na simruhusu mtu kulikalia, maana sponji ikigandamizwa kila mara inapungua nguvu ya kuelea. Hapo nimeshagombana na shemeji yangu, ambaye kwake kila kitu laini ni kiti.

Upepo ni habari nyingine. Mei hadi Agosti kusi likivuma, Nyasa inachafuka kwelikweli, na kuelekea Ikombe Milima ya Livingstone imeshuka hadi majini, pa kukimbilia ni pachache. Sisi huondoka asubuhi ziwa likiwa shwari. Nahodha akisema leo hapana, tunakula zetu samaki ufukweni, hakuna kubembelezana.

Kwa bei ile ningelinunua tena. Wenye watoto ulizieni saizi kwanza; nilikonunua mimi yalikuwepo ya watu wazima tu.