config.guess: skripti inayoitambua mashine kabla ya programu kusanidiwa

Katika chumba tunachofanyia kazi hapa Lubumbashi, komini ya Kamalondo, zipo kompyuta za mkononi za mtumba zenye Debian (mfumo wa aina ya Linux), Mac moja, Raspberry Pi mbili (kompyuta ndogo za bodi moja) na simu kadhaa za Android zenye Termux, programu inayotoa amri za Linux kwenye simu, na programu yetu ya hesabu za stoo inapaswa kujengwa kwenye zote. Kwa muda mrefu skripti yangu ya usanidi iliitegemea amri ya `uname -s`, inayotaja jina la mfumo, peke yake, mpaka nilipogundua kwamba simu ya Android nayo hujibu «Linux», ilhali mafaili yake hayakai kabisa mahali yanapokaa kwenye Debian.

Tangu hapo natumia config.guess, skripti ya mradi wa programu huru wa GNU, iliyoandikwa mwanzoni na Per Bothner. Ukiiendesha, hukupa jina moja linalotaja kichakataji, mtengenezaji na mfumo: kompyuta zetu za Debian hujibu `x86_64-pc-linux-gnu`, na simu, ikiwa ina kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), hujibu `aarch64-unknown-linux-android`. Neno «unknown» hapo si kosa. Lina maana tu kwamba mtengenezaji hakutajwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba skripti hii yenye zaidi ya mistari 1,500 imeandikwa kwa sheli (lugha ya amri za mfumo) ya kawaida kabisa, bila mapambo ya Bash, sheli yenye nyongeza nyingi, kwa hiyo haidai chochote ambacho mashine kongwe haina. Inapohitaji kujua maktaba ya C iliyopo, huiuliza kompaila yenyewe, na hilo ni jambo la busara, ingawa pasipo kompaila jibu linaweza kupungua usahihi.

Udhaifu mkubwa niliokutana nao unatokana na nakala za zamani zinazofungashwa ndani ya programu. Kifurushi kimoja nilichopakua kilikuja na nakala ya 2009, nacho kikakwama kwenye Raspberry Pi kwa sababu aarch64, aina ya kichakataji chake, ilitangazwa mwaka 2011 tu. Nilipoteza jioni nzima, tena umeme ukiwa umebaki saa mbili. Siku hizi, kabla ya yote, naendesha `config.guess --time-stamp` ili kuona tarehe, na nakala ikiwa imezeeka naweka ile ya Debian iliyoko `/usr/share/misc`.

Hata hivyo, jina la mfumo lisiulizwe mambo lisiyoyajua. Kwenye Debian `/bin/sh`, yaani sheli ya msingi, imekuwa dash, sheli nyepesi isiyo na nyongeza za Bash, tangu 2011, na `sed -i`, amri ya kuhariri faili papo hapo, kwenye Mac hudai kiambishi cha jina la nakala ya akiba ambacho ile ya GNU haikidai. Mambo kama hayo nayapima kwa kuijaribu amri yenyewe, sio kwa kubahatisha kutokana na jina.

Skripti hii ni ya bure, chini ya leseni ya GPL toleo la 3 yenye ruhusa ya ziada ya kuisambaza pamoja na programu yako iliyosanidiwa kwa Autoconf, zana ya GNU ya kutengeneza skripti za usanidi. Kwa kuwa mega za intaneti ni ghali kwetu, tunaibeba kwenye fleshi pamoja na mwenzake config.sub, ambayo hunyoosha majina yaliyoandikwa kwa mkato, na zote mbili hazichukui hata nafasi ya picha moja ya simu.