Sakai, Japani: kaburi la Mfalme Nintoku ukiwa na watoto

Wenye watoto mtakaopita Osaka, fikeni Sakai kwenye kaburi la Mfalme Nintoku, ila msiwapeleke watoto hivi hivi. Pale mbele unachoona ni maji ya handaki, lango la torii na msitu, basi, ndani haingii mtu, na mtoto asiyejua chochote atakuuliza mbona ni kilima tu, na ana haki kabisa. Mkiwa bado kwenye treni mpigie hadithi kwanza.

Nintoku anahesabiwa mfalme wa 16 wa Japani, kasri lake lilikuwa Naniwa, ndo Osaka ya leo. Siku moja akapanda mahali pa juu akaangalia nyumba za watu, hakuna moshi hata mmoja, akajua hawa hawapiki, hawana kitu. Akafuta kodi miaka 3. Sasa kasri likaanza kuvuja, mvua ikinyesha wanakinga maji kwa vyombo na mfalme mwenyewe anahamia pasipovuja, na bado hataki paa litengenezwe!! Watoto hapo ndo wanatega masikio kweli. Miaka 3 ikapita akapanda tena, moshi kila upande, akamwambia malkia sasa sisi ni matajiri. Malkia akashangaa, utajiri gani huu na nyumba inavuja? Akamjibu watu wakiwa nacho, na mfalme anacho.

Mkubwa kidogo mwambie na hili: kaburi ni la karne ya 5 lakini hadithi imeandikwa kwenye vitabu vya kale vya historia ya Japani, Kojiki mwaka 712 na Nihon Shoki mwaka 720, yaani baadaye sana, na wataalamu hawana uhakika kama aliyelala mle ni yeye. Watoto wanalielewa hilo vizuri tu, wala haliwaharibii utamu.

Halafu pandeni ghorofa ya 21 ya jengo la halmashauri ya jiji la Sakai, ni bure. Kaburi lina urefu wa mita 486 na umbo la tundu la ufunguo, ila kutokea pale umbo halionekani vizuri, ni msitu mrefu katikati ya nyumba. Mimi hilo halinisumbui, kwa sababu mtoto anasimama juu anatazama mapaa ya watu kama alivyofanya mfalme, hapo muulize, siku hizi hakuna moshi wa jikoni, wewe ungejuaje nani hajala? Nimependa sana sehemu hii, kuliko hata kaburi lenyewe. Umbo kaliangalieni kwenye makumbusho ya jiji, yako bustani ya Daisen, jirani kabisa na kaburi.

Kuzunguka lote kwa mguu ni kama kilomita 2.8 na sehemu kubwa ni uzio na nyumba za watu, wadogo watachoka bure. Kituo cha treni cha karibu ni Mozu. Nyota 4 kati ya 5, ila bila hadithi ya moshi ningetoa 2.