Mafunzo ya zimamoto ya nusu siku, elfu 25 kwa kichwa: nyota nne

Nina mgahawa Kariakoo, chini ya ghorofa, mitungi miwili ya gesi jikoni na wasichana watatu wa kazi. Soko kuu lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, nilisema lazima nijifunze kuzima moto. Ghorofa la mitaa ya Mchikichi na Congo likaporomoka Novemba 16, 2024, bado nasema tu. Safari hii wapangaji tumechanga, tukaita kampuni binafsi ije kutufundishia hapahapa uani. Tulikuwa watu 22.

Mwalimu ni mzee mstaafu wa zimamoto, na yeye ndiye aliyefanya hela yetu isipotee bure. Aliwasha mafuta kwenye karai, akaniita: "Mama lishe, njoo uzime." Nikachomoa pini ya mtungi wa kuzimia moto, nikabana, nikaelekeza kwenye miale. Unga wote ukapita juu. "Chini, mama, kwenye shina!" Nikashusha mpira, nikafagia kushoto kulia, ukazimika. Kumbe mtungi huo wa kilo 6 haufiki hata nusu dakika umeisha! Mimi nilidhani una dakika kumi humo. Akaenda kuutazama wangu wa ukutani: mshale uko kwenye nyekundu. Yaani muda wote nimetundika pambo.

Jikoni akasema mafuta yakiwaka kikaangoni zima jiko, funika, usimwagie maji wala usikimbie nacho nje. Ukinusa gesi usiguse swichi, si kuwasha si kuzima. Msichana wangu akabisha: kuzima kuna ubaya gani? Mzee akabonyeza swichi yangu mbovu ya stoo, cheche ikaonekana kwenye ufa. Msichana akanyamaza.

Sasa lawama. Walitakiwa saa tatu, wakafika saa nne na nusu. Mdoli wa kujifunzia kumkandamiza kifua mtu asiyepumua ni mmoja. Ile 30 kwa 2, yaani kandamiza mara 30 kisha pulizia pumzi 2, kila mtu kaigusa dakika moja tu, mimi nilikuwa ndiyo kwanza napata mwendo. Karatasi zote za Kiingereza, wasichana wangu wamezifungia vitumbua. Na cheti kapewa hata jirani yetu wa vitenge aliyelala.

Kabla ya kuondoka mzee akauliza: moto ukianzia ngazi ya mbele, mnatokea wapi? Tukaonyesha mlango wa nyuma. Una kufuli. Ufunguo anao mlinzi, mlinzi kaenda kula. Mzee akatusimamisha pale mlangoni tumngoje, hakuna kukaa. Dakika 17 kwa saa yangu, na jua la saa saba.

Ukiwaita, mtake mzee huyo kwa sharti, na waje na midoli miwili. Namba 114 ya zimamoto nimeiandika kwa maka pen kwenye friji. Mwenye nyumba kakataa kutoa kufuli, anaogopa wezi, basi nimechongesha ufunguo wangu, upo kwenye msumari kando ya friji hiyohiyo.