Darubini ya Kwanza ya Kujitengenezea: Muundo Upi Ununuliwe Vifaa?

Kwa anayeanza, naweka mbele muundo wa Newton juu ya kitako cha Dobson: kioo kikuu kilichobonyea chenye kipenyo cha milimita 150 na umbali wa fokasi (kutoka kioo hadi pale mwanga unapokusanyika kuwa taswira) wa milimita 1,200, kioo kidogo bapa kinachoelekeza mwanga ubavuni mwa bomba, na sanduku la plaiwudi linalogeuzwa kwa mkono. Isaac Newton, mwanasayansi Mwingereza, alitengeneza darubini ya vioo mwaka 1668. Kitako hicho kilienezwa na John Dobson wa San Francisco. Uzuri wake ni kwamba kioo hakitawanyi mwanga kuwa rangi, na kwa kuwa fokasi ni mara nane ya kipenyo, kosa dogo la kupanga vioo husameheka. Ukishuka hadi mara nne, bomba hufupika kweli, lakini nyota za pembezoni huota mikia na kila kosa la kupanga huonekana.

Fedha nyingi ziende kwenye kioo kikuu. Kiwe kimepakwa alumini usoni, kwani kioo cha kujitazamia, ambacho hupakwa nyuma, huleta taswira mbili. Lenzi ya kutazamia ya milimita 25 itakuza mara 48 na ya milimita 10 mara 120, kiasi kinachotosha kuonyesha pete za Zohali. Tangazo la ukuzaji wa mara 500 kwa kioo cha ukubwa huu lipuuzwe.

Nafasi ya pili naipa Newton ya milimita 114 kwa 900, ambayo ni nafuu na nyepesi, ingawa hukusanya zaidi kidogo tu ya nusu ya mwanga wa ile ya kwanza. Ya tatu ni darubini ya lenzi ya milimita 80, lenzi yenyewe ikiwa ni mbili zilizounganishwa, ambayo kusema kweli ni kukusanya vipande zaidi kuliko kutengeneza. Lenzi moja ya miwani ya diopta 1, yaani yenye fokasi ya mita moja, ni rahisi mno, lakini inafaa kwa mwezi tu, tena ikizibwa kingo. Cassegrain, muundo ambao kioo cha pili hurudisha mwanga nyuma kupitia tundu la kioo kikuu, isiguswe kwa sasa, maana kioo chake cha pili kilichobinuka ni kigumu kukisugua na kukipima.

Kitako cha ikweta, kinachofuata mwendo wa nyota kwa kuzunguka mhimili mmoja, nacho hakina faida kubwa kwetu. Mhimili wake unapaswa kuinama sawa na latitudo, takriban nyuzi 7 tu Dar es Salaam, na vingi vya dukani havishuki kiasi hicho.

Nunua kioo kwanza, upime fokasi yake halisi kwa taswira ya mwezi kwenye karatasi, ndipo ukate bomba.