Kitini cha milinganyo ya intigrali kutoka Mwanjelwa: hesabu nzuri, uchapaji mbovu

Kitini hiki nilikinunua kwa shilingi 7,000 katika duka la steshenari karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kimetolewa fotokopi na kubanwa kwa waya, nacho kinafundisha jinsi ya kukadiria, kwa kikokotoo au kompyuta, majibu ya milinganyo ya intigrali ya oda ya sehemu, yaani milinganyo ambamo fanksheni inayotafutwa imo ndani ya intigrali (jumla endelevu), na intigrali hiyo haihesabiwi mara moja au mbili kamili bali kwa sehemu, kama mara nusu.

Kinaanza na Niels Henrik Abel wa Norwei, ambaye mwaka 1823 alitafuta umbo la mteremko kutokana na muda ambao kitu huchukua kuteleza hadi chini. Aliyewahi kuteremka Kitonga hahitaji kuchorewa picha.

Sura ya pili ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha yangu. Mwandishi anachukua 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1 − t), anaijumlisha kuanzia 0 hadi 1 kwa mistatili ya kawaida, akisoma urefu upande wa kushoto, na kupata 1.392 kwa vipande 4 na 1.859 kwa vipande 100, ilhali jibu kamili ni 2. Upungufu unakwisha polepole mno kwa sababu kiini cha mlinganyo, yaani hiyo 1 gawanya kwa kipeuo inayozidishwa na fanksheni ndani ya intigrali, hupaa bila kikomo t inapokaribia 1. Dawa anayoitoa ni kuacha kiini kama kilivyo na kukijumlisha kikamilifu, huku fanksheni iliyobaki peke yake ikibadilishwa kuwa vipande vya mstari mnyoofu. Nilijaribu kwa f(t) = t, oda ya nusu, kuanzia 0 hadi 1, kipande kimoja tu, nikapata 0.7523, ambalo ni jibu halisi.

Lakini ukurasa unaofuata mchapaji amedondosha kigawanyo cha Gama, yaani namba ya fanksheni ya Gama ambayo jumla yote hugawanywa kwayo, ambacho kwa oda ya nusu ni 1.7725. Mazoezi yote yanayotegemea kanuni hiyo yanapotoka: intigrali ya nusu ya 1, pale x = 1, imeandikwa 2 badala ya 1.1284. Nilipoteza jioni nzima nikidhani kosa ni langu. Kadhalika, gharama ya kumbukumbu, kwamba kila hatua hudai hatua zote zilizotangulia na hivyo hatua 1,000 hufikia takriban kuzidisha mara 500,000, imepewa sentensi moja tu, ingawa hapo ndipo kompyuta zetu ndogo hukwama.

Niliporudi dukani, muuzaji alinijibu kwa upole kwamba yeye ananakili tu, kisha akaniazima kalamu nisahihishe nakala tatu zilizobaki mezani.