Nililipia V12, nikapewa spika

Nimewapa waandaaji wa onyesho hili la magari nyota moja, na hata hiyo naona nimewadhulumu wale wanaofanya kazi kwa bidii wakaambulia mbili. Tiketi waliyoniuzia kiangazi hiki ilikuwa na ahadi moja tu ya maana: kwamba T.50, gari la kasi la barabarani alilolibuni Gordon Murray, italetwa, itawashwa, na itapita mbele yetu kwenye njia ya uwanja wa zamani wa ndege, kusini mwa Uingereza, huku injini yake ya V12, yaani yenye silinda kumi na mbili, ikipigwa resi mpaka juu kabisa. Nilinunua mbili, yangu na ya mpwa wangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Kijana huyo ana wazimu wa magari kunishinda mimi, na safari nzima ya treni alikuwa anauliza itasikikaje.

Gari lilikuja, hapo sina lalamiko. Ni dogo kuliko unavyolidhani ukiliona pichani. Dereva anakaa katikati, abiria wawili nyuma kidogo ya mabega yake, kama kwenye McLaren F1 aliyoichora Murray huyo huyo miaka ya mwanzo ya tisini. Nyuma lina ile feni ya kuvuta hewa chini ya gari, na wazee wawili waliosimama karibu yangu walikuwa wameshaanza kubishana juu yake: mmoja anasema ni mbwembwe, mwingine anamkumbusha Brabham ya 1978, gari la mbio za Formula 1 lenye feni, ile ambayo Niki Lauda alishinda nayo Sweden mara moja kisha haikuonekana tena mashindanoni. Ningekaa nao kutwa. Lakini niliwasikia nusu nusu, maana spika zilikuwa zimeshafunguliwa.

Hizo spika ndizo ninazotaka kuzisema. Walizipanga pande zote mbili za njia, zimepita urefu wa mtu, na juu ya jukwaa wakamweka mtu wa kupiga muziki, na juu ya muziki wakamweka mtangazaji asiyenyamaza hata kumeza mate. Mdundo ulikuwa unaingia kifuani. T.50 ikatoka mwisho wa uwanja, ikaja. Nikaona joto likicheza juu ya eksozi. Nikaona bega la dereva likisogea anapoingiza gia. Ikatupita kwa kasi ya kutisha, na mimi sikusikia chochote isipokuwa besi ya wimbo na mtangazaji akipiga kelele kwamba tunashuhudia historia.

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, kwani hii ni ya umeme?"

Sikuwa na jibu. Nawaambia kweli, moyo uliniuma.

Labda wapo wasioelewa kwa nini hili ni kosa kubwa hivi, na nadhani waliotuandalia siku ile ni miongoni mwao. Gari hili halikutengenezwa kushinda mbio za karatasi. Ukitaka takwimu, ile Nevera ya umeme ya Rimac kutoka Croatia ina zaidi ya nguvu farasi 1,800, na hii ya Murray haifiki 700. Murray mwenyewe amesema waziwazi kwamba hafukuzii rekodi za mwendo. Alichofanya ni kuondoa. Hakuna turbo. Hakuna skrini za kugusa, mbele ya dereva kuna mshale mkubwa wa mizunguko ya injini. Gia ni za mkono, sita, na klachi unakanyaga mwenyewe. Uzito wote uko chini ya tani moja, na ukifungua mlango wa gari lako la kawaida hapo nje utajua hilo ni jambo la namna gani. Halafu injini: V12 ya lita 4 iliyotengenezwa na Cosworth, inayokubali mizunguko 12,100 kwa dakika. Hewa inaingilia kwenye bomba lililo juu ya kichwa cha dereva, na kaboni ya bomba hilo imepimwa unene wake makusudi ili mvumo wa hewa uingie ndani vile wanavyoutaka wao. Yaani kuna watu waliolipwa mshahara kukaa na kufikiria ukuta wa bomba uwe mwembamba wapi ili sikio lifurahi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara ni 100 tu, kila moja zaidi ya pauni milioni 2 kabla ya kodi, na mengi yatafungiwa kwenye gereji za matajiri. Nafasi ya mtu kama mimi kulisikia ndiyo hiyo siku moja. Wakaifunika na besi.

Nikaenda kwa kijana mmoja aliyevaa kizibao cha njano cha kampuni, mwenye simu ya upepo mkononi. Nilimsalimu vizuri. Nikamwomba, samahani bwana, gari likipita tena mnaweza kushusha muziki, hata kwa dakika moja? Hakuvua miwani. Akasema muziki ni sehemu ya shughuli. Nikamweleza kwamba wengi wetu pale tumekuja kusikiliza injini, na tiketi yenyewe imesema hivyo. Akanijibu: "Sauti iko YouTube, katafute huko. Kama hufurahii, geti ni lile." Akaninyooshea kidole.

Mbele ya mtoto wa dada yangu! Mimi nimepanda matatu za Mwembe Tayari tangu sina ndevu, nimesukumwa, nimesimamishwa mlangoni, lakini hata kondakta aliyechoka jioni anajua kusema "pole, mzee". Huyu nimemlipa, na ananifukuza.

Na wala sidai jambo geni. Nimesimama kando ya njia ya Safari Rally kule Naivasha, vumbi mpaka kwenye meno, na watoto wa pale walikuwa wanazitambua gari kwa mlio kabla hazijatokea kwenye kona. "Hiyo ni Toyota," na kweli inatokea Toyota. Hakuna aliyekuwa amewafungulia spika. Hawakuhitaji kuchangamshwa.

Basi, lililonivuruga zaidi lilitokea jioni. Muziki umezimwa, wanakunja nyaya, watu wengi wameshaondoka. Dereva akaja kulihamisha gari kwenda kwenye lori. Akaliwasha. Lilibweka mara moja, likatulia kwenye mngurumo wenye kwaruzo, kisha akaligusa kidogo tu ili lisogee. Watengenezaji wanasema injini hiyo inaweza kupanda kwa kiwango cha mizunguko 28,400 kwa dakika katika kila sekunde, na nilikuwa nikiisoma namba hiyo bila kuielewa. Pale niliielewa. Sauti ilipanda na kurudi kabla sijamaliza kushtuka: nyembamba, kali, haina uzito wowote juu yake. Mzee wa Brabham aliyabwaga mabegi yake chini. Watu waliokuwa njiani kuelekea getini walirudi wakikimbia. Gari lilikwenda polepole mpaka kwenye lori, basi, wala halikukaribia hata nusu ya uwezo wake, na kwa muda ule nilikuwa tayari kuwapa nyota tano na kusahau yote. Nasema kweli. Ni sauti nzuri kuliko zote nilizosikia kutoka kwenye gari la barabarani.

Ndipo mpwa wangu akasema, huku anacheka kwa furaha, "Mjomba, kumbe ilikuwa inafanya hivi mchana kutwa?"

Hasira zikarudi zote, na zaidi. Kwa sababu ndiyo, ilikuwa inafanya hivyo mchana kutwa, tena kwa nguvu kuliko hivyo, mita chache kutoka tuliposimama, na wao ndio waliotuzuia. Kile tulichokilipia tulipewa na dereva wa kulipakia gari, bila yeye kujua.

Nimewaandikia kudai pesa zangu. Wamenijibu kwa upole, sikatai, wakaniahidi punguzo la tiketi ya shughuli yao ijayo, ambako wanasema gari litakuwepo tena. Nimewaandikia swali moja: spika zitazimwa likipita? Bado hawajajibu. Wakisema ndiyo, punguzo lao wabaki nalo, nitalipa bei kamili na nitabadilisha nyota hizi siku hiyo hiyo.