Brokoli ya kugandishwa: nunua, lakini iongezee haradali

Kwa mapishi ya haraka, brokoli ya mfuko inafaa: imeshakatwa, na haigeuki njano baada ya siku chache kama ile ya sokoni. Anayeinunua ili kujikinga na saratani atakuta upungufu mmoja ambao lebo haiutaji.

Brokoli nzima haina sulforafani ya kutajika, kemikali ambayo ndiyo inayohusishwa na kinga hiyo. Ina glukorafanini, malighafi yake, na, mahali pengine kwenye mmea huohuo, kimeng'enya cha mirosinasi. Ukikata au kutafuna, viwili hivyo hukutana na sulforafani hutengenezwa. Ndiyo iliyotenganishwa na timu ya Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1992, nayo huamsha vimeng'enya vya mwili vinavyozima kemikali zinazoharibu seli. Sasa, kiwandani mboga hupitishwa kwenye maji moto au mvuke kabla ya kugandishwa, ili rangi na ladha zisiharibike. Joto hilo huiua mirosinasi. Glukorafanini inabaki, ila cha kuigeuza hakuna.

Haradali inayo mirosinasi yake, tena inayostahimili joto zaidi. Katika jaribio moja, watu waliokula gramu 200 za brokoli iliyopikwa pamoja na gramu 1 ya unga wa haradali walikutwa na mabaki ya sulforafani kwenye mkojo zaidi ya mara nne kuliko walipoila bila haradali. Gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai. Saga mbegu mbichi za haradali, zile za achari; zilizokaangwa kwenye mafuta hazisaidii kitu. Pika brokoli kwa mvuke dakika 3 au 4 bila kuiyeyusha kwanza, ipua, kisha nyunyizia unga. Usiichemshe: glukorafanini huyeyuka na kumwagwa na maji.

Dukani utikise mfuko. Vichwa vikiwa vimeshikamana kama bonge, uliyeyuka ukagandishwa tena, urudishe.

Kwa bei, kabichi na sukuma wiki bado zinashinda. Sulforafani yake ni kidogo, lakini zina misombo ya ukoo huohuo. Osha kwanza, katakata, acha dakika 40, ndipo ubandike.

Mfuko ukiandikwa "hutibu saratani", uache: hakuna jaribio lililothibitisha hivyo kwa binadamu. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kabla ya kuongeza mboga hizi, kwa sababu ya vitamini K.